Lugha na Rasilimaliwatu katika Pwani ya Palma: Kutoka Dago la Rongui hadi Gesi ya Afungi

Nadharia ya mtaji wa kibinadamu, kama ilivyofafanuliwa na Theodore Schultz mwaka 1961 na Gary Becker mwaka 1964, huichukulia elimu, afya na stadi za mtu kuwa ni uwekezaji unaozaa tija. Udhaifu wake hudhihirika inapofikishwa kaskazini mwa Cabo Delgado. Fahirisi ya Benki ya Dunia ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa mtoto aliyezaliwa Msumbiji angefikia asilimia 36 tu ya tija ambayo angeifikia lau angepata elimu kamili na afya njema. Kipimo hicho huzingatia miaka ya shule, matokeo ya mitihani, udumavu na uhai. Ujuzi unaopatikana nje ya darasa haumo.

Ujuzi huo si haba. Wavuvi wanaokaa dago katika visiwa kama Rongui hujua kutenganisha bamvua na maji mafu, huzisoma pepo za kaskazi na kusi, hutia chombo kalafati na kuongoza mabaharia pasipo daftari. Haya ni mafunzo ya kazi kwa maana kamili ya neno hilo: yana walimu, ngazi na mtihani wake, nao mtihani ni bahari yenyewe. Lugha zake ni Kimakwe, ambacho sarufi yake iliandikwa na Maud Devos mwaka 2008, Kimwani na Kiswahili.

Mwaka 2010 gesi asilia iligunduliwa katika bonde la Rovuma. Sheria ya Mafuta namba 21 ya mwaka 2014 ilitaka Wamsumbiji wapewe kipaumbele katika ajira, na mwezi Juni 2019 uliidhinishwa mradi wa Afungi wenye thamani ya takribani dola bilioni 20. Kipaumbele cha kisheria, hata hivyo, hakimfikishi kijana wa Palma kwenye ajira ikiwa mlango wenyewe hufunguliwa kwa Kireno, na nyaraka za kiufundi zimeandikwa kwa Kiingereza. Aliyesoma Maputo hukidhi masharti. Mwenyeji huambulia vibarua. Itakuwa kosa kudai kwamba lugha ndiyo iliyozaa vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, vikaifikia Palma mwezi Machi 2021 na kuusimamisha mradi. Lakini ni vigumu kuamini kwamba hisia ya kutengwa haikuwa na nafasi.

Mkakati wa rasilimaliwatu unaostahili jina hilo ungeanza na tathmini ya stadi, kisha cheti. Nahodha angepimwa kwa unahodha, kwa lugha anayoimudu, na Kireno kikafundishwa sambamba na kazi badala ya kuwa kizingiti chake. Kiswahili kina nafasi hapa: SADC ilikiidhinisha kuwa lugha rasmi mwezi Agosti 2019, na ng'ambo ya mto Ruvuma vyuo vya ufundi vya Tanzania viko jirani. Kazi ya wanaisimu ni mahususi zaidi. Istilahi za usalama wa melini, uchomeleaji na uokoaji zinahitaji kukusanywa kutoka vinywani mwa mafundi wa pwani hii, kabla kamati yoyote haijaketi kubuni nyingine.