UNATUMA TV MKOANI? SOMA HII KABLA HUJAPELEKA MZIGO KWENYE BASI

Leo naongea na wanaouza TV, mpya au za mtumba, hasa sisi tunaochukua mzigo Kariakoo na kuwatumia wateja mikoani.

Kwanza tupige hesabu. Tuseme TV ya inchi 43 umeinunua 480,000, na ukishatoa usafiri na mengineyo unabaki na faida ya 60,000. Hiyo TV ikifika Mbeya kioo kimepasuka na mteja akataka hela yake, utauza TV nyingine 8 ndo urudishe hiyo 480,000. Nane! Na hapo bado hujala. Usitegemee waranti, kwa kawaida waranti za TV hazihusishi kioo kilichovunjika. Ukienda kwa fundi atakwambia bei ya kioo inakaribia bei ya TV mpya. Imekula kwako.

Sasa habari njema ni kwamba TV nyingi zinazopasuka njiani zingeweza kufika salama. Shida ni kwamba watu wanazibeba kama wanavyobeba zile za chogo.

KWA NINI KIOO KINAPASUKA?

TV ya chogo ilikuwa na kioo kinene, hata ukiilaza inavumilia. TV bapa ni kitu kingine kabisa. Ndani yake kuna vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja, kila kimoja hakifiki hata milimita moja, na katikati yake kuna kimiminika maalumu kinachosaidia kutengeneza picha. Vioo hivyo vinashikwa pembeni kwenye fremu. Katikati havina nguvu ya kubeba kitu.

Kwa hiyo TV haipasuki kwa kuanguka tu. Inapasuka kwa KUKANDAMIZWA na kwa KUPINDA. Ukiilaza, kioo kinabonyea katikati kwa uzito wake chenyewe, na basi likipita kwenye tuta kinapigwa juu chini. Kutoka Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, sasa hesabu matuta yote ya njiani, halafu weka na kona za Kitonga. Mtu akirusha begi lake juu ya boksi ndo basi tena.

Ukielewa hapo, mengine yote ni rahisi: TV isimame, uzito ubebwe na fremu, na isiwe na nafasi ya kucheza.

1. USITUPE BOKSI LA KIWANDANI

Boksi na yale maboya meupe ya ndani yametengenezwa kwa saizi ya TV hiyo hiyo. Maboya yanashika pembeni tu, ili kioo kisiguse kitu. Duka likikupa TV ya majaribio bila boksi lake, liulizie. Ukikuta boya moja limevunjika, jazia kwa kipande cha godoro au maboksi yaliyokunjwa, lakini jazia pembeni, usijazie mbele ya kioo.

Soma na alama za kwenye boksi. Mishale inaonyesha upande wa juu. Glasi maana yake kinavunjika. Mwavuli maana yake kisilowe. Na kwenye baadhi ya maboksi kuna alama ya idadi ya kupanga moja juu ya jingine, usizidishe.

2. KAMA NI MTUMBA HAINA BOKSI

Hapa ndo wengi wanaumia. Fanya hivi:

Fungua miguu ya TV. Skrubu zake weka kwenye mfuko mdogo pamoja na rimoti, na mfuko huo utume pembeni au ufunge kwenye waya wa umeme. Usiweke rimoti mbele ya kioo, ndiyo itakayokitoboa.

Tafuta plaiwudi au ubao mwepesi unaozidi kioo kidogo kila upande. Kwenye pembe nne za fremu na pembezoni mwake weka vipande vya godoro, kisha ubao uje juu yake. Hapo hata kitu kikisukuma kwa mbele, nguvu inaenda kwenye fremu, kioo kinabaki na nafasi yake.

Zungushia blanketi zito, halafu nailoni ya kufungia mizigo kwa ajili ya mvua na vumbi. Usibandike gundi ya karatasi moja kwa moja kwenye kioo. Usikaze kamba ikapita katikati ya kioo bila ubao.

Mwisho andika kwa maka peni kubwa pande zote mbili: TV – KIOO – ISIMAME – USIWEKE KITU JUU. Weka na mshale.

3. KUTOKA DUKANI MPAKA STENDI

TV nyingi zinapasuka hapa hapa mjini, hata basi hazijaliona. Bodaboda na TV ya inchi 43 ni kujitakia. TV hiyo ina upana wa kama sentimita 95 kabla ya boksi, upepo unaisukuma, pikipiki nyingine inapita inaigonga kona.

Chukua bajaji au kirikuu. Kwenye bajaji isimamishe nyuma ya kiti cha dereva, wewe kaa uishike. TV ya inchi 55 ina kama sentimita 122 bila boksi, kwa hiyo pima kwanza usije ukailazimisha iingie kwa kuinamisha.

Kwenye kirikuu isimamishe karibu na kabini, upande wa kioo ukiangalia ukuta wa kabini, siyo upande wenye mizigo. Ifunge kwa kamba au mkanda sehemu mbili, chini na juu, na kila kona kamba inapopita weka kipande cha boksi kisije kikakatika. Ule mpira wa kufungia mizigo usiutegemee peke yake, kwa sababu unavutika, gari likifunga breki TV inaenda nao. Kamba ndo inayoshika.

Na kubeba: TV kubwa ni watu wawili, mmoja kila upande, mikono chini na pembeni. Vidole visibonyeze kioo.

4. ONGEA NA WATU WA BASI VIZURI

Usiache mzigo dirishani ukaondoka. Ofisini taja wazi kwamba ni TV, inchi ngapi, thamani yake kiasi gani, na viandikwe kwenye risiti ya mzigo. Risiti ikiandikwa "boksi 1" halafu TV ikapasuka, utadai nini? Soma na maandishi madogo, baadhi ya risiti zinasema kampuni haihusiki na vitu vya kuvunjika. Ukikuta hivyo, uliza kabla hujalipa, na uamue mwenyewe kama utatuma hapo au utatafuta basi lingine.

Risiti ya dukani ya EFD nayo iambatane na mzigo, nakala bakia nayo.

Kisha subiri upakiaji. Mfuate anayepakia, mwambie kwa heshima: "Kaka samahani, hii ni TV, naomba isimame ubavuni mwa buti, isilazwe, na viroba visikae juu yake." Wengi wao ni waelewa ukiwaambia mapema. Mahali pazuri ni kwenye ukuta wa buti, kioo kikiangalia ukuta, na upande wa mgongo wawekewe mabegi laini ya nguo yanayoibana isicheze. Mbali na magunia ya mchele, ndoo za mafuta na vyuma.

Kama basi limejaa na unaona kabisa itakaa chini ya magunia, tuma kesho. Mteja kusubiri siku moja ni bora kuliko wewe kuuza TV 8 za bure.

5. PIGA VIDEO

Kabla hujafunga boksi, washa TV. Piga video ikiwa inaonyesha picha, onyesha kioo chote, pembe zote nne na namba ya nyuma ya TV. Endelea kurekodi mpaka unafunga boksi. Mtumie mteja video hiyo siku hiyo hiyo. Ni ushahidi wako na pia inamtuliza mteja.

6. MTEJA APOKEE VIPI

Hili mwambie kabla mzigo haujafika. Asisaini na kuondoka. Afungue pale pale ofisini, huku mtu anarekodi, aangalie boksi kama limebonyea, halafu aiwashe. Kioo kinaweza kupasuka kwa ndani wakati juu ukipapasa ni laini kabisa. Ukiwasha ndo unaona mistari au doa jeusi kama wino umemwagika.

Kama hakuna umeme, amulike kioo kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, nyufa nyingi zinaonekana hivyo. Akikuta tatizo, liandikwe kwenye risiti hapo hapo na mtu wa ofisi aweke saini. Akishafika nyumbani, kila mtu atasema mwenzake ndo kavunja.

Na kama mzigo umesafiri kwenye baridi usiku, mfano Makambako au Njombe, au umepigwa na mvua, akishaingiza sehemu yenye joto aiache saa moja au mbili ndo awashe, unyevu wa ndani ukauke. Basi akipokea mzigo wa namna hiyo, pale ofisini atumie tochi, kuwasha iwe baadaye.

MWISHO

Gharama ya haya yote ni ubao, kipande cha godoro, bajaji badala ya boda, na nusu saa ya kusimama stendi. Hata ikifika 15,000, iweke kwenye bei tangu mwanzo na mwambie mteja ukweli kwamba hiyo ni hela ya kufungasha. Mteja wa Songea hajawahi kukuona sura. Anakujua kwa kitu kimoja tu, TV yake ilifikaje. Ikifika salama atakuletea shemeji yake na jirani yake.

Kama una mwenzako anauza TV, mtumie hii kabla hajapeleka mzigo wa leo. Biashara njema wakuu.