Shule ya simu chini ya mwavuli

Kabla minara ya simu haijasimama Kisangani, nchini Kongo, mfanyabiashara wa mpunga aliyetaka kujua boti lake limefika wapi alikwenda kwenye nyumba ya foni. Ilikuwa redio ya mawimbi: waya uliovutwa kati ya miti miwili, betri ya gari, na mwendeshaji aliyejua ni saa ngapi Isangi, Opala au Ubundu wangekuwa hewani. Mmoja akisema, mwingine anangoja. Kitufe kikiachiwa, ndipo jibu linakuja. Waliokaa benchini wakisubiri zamu waliisikia bei yako na deni lako pia. Hapo watu walijifunza kusema kwa ufupi, na kwa mafumbo.

Simu ya taifa ilikuwepo kwa jina. Enzi za Zaire ofisi yake iliitwa ONPTZ, baada ya 1997 ikawa OCPT, na mageuzi ya mashirika ya umma ya 2009 yakaizaa SCPT. Mali yake kubwa leo ni mkongo wa nyuzi za kioo unaotoka Muanda, kwenye pwani ya Atlantiki, ambako kebo ya baharini ya WACS inatia nanga. Lakini Kisangani iko mbali: kutoka Kinshasa, mji mkuu, ni takriban kilomita 1,700 za mto. Mkazi wa Mangobo au Lubunga hakuwahi kuwa mteja wa ofisi ile, sembuse mwanafunzi wake.

Aliyemfundisha ni mama wa kabini, yaani meza ya simu chini ya mwavuli. Celtel, ambayo sasa ni Airtel, iliingia nchini mwaka 2000. Vodacom ikafuata 2002. Orange ikainunua kampuni ya CCT mwaka 2011. Kampuni zilileta minara na miavuli yenye rangi zao. Kazi ya kueleza zilimwachia mwenye meza. Ndiye aliyempigia mzee namba, akashika saa, akamwambia dakika inaisha. Kwake watu walijifunza kubipi, yaani kuita na kukata ili mwenye uwezo apige. Kadi za kukwangua zikaja, kisha inite, kama salio linavyoitwa hapa, zikaanza kutumwa toka simu hadi simu: mteja anataja mia tano, anaulizwa kama namba ni ile ile, na biashara imekwisha kabla mwendesha toleka, teksi ya baiskeli, hajashuka.

M-Pesa, iliyoanza Kenya 2007, ilifika Kongo mwaka 2012 ikiwa na mifuko miwili, wa faranga na wa dola. Kwa maoni yangu, mfuko wa dola ulijitangaza wenyewe kuliko bango lolote. Katika masoko ya Kongo noti ya dola iliyochanika hata kidogo pembeni inakataliwa, au inapokewa kwa hasara. Dola iliyo ndani ya simu haichaniki. Somo la pili, la kuongezea pesa ya kutolea unapomtumia mtu, halikuhitaji mwalimu: ndugu aliyepokea pungufu alipiga simu kulalamika.

Halafu dola ikaja na somo lingine. Mwaka 2020 wizara ya posta na mawasiliano pamoja na mamlaka ya udhibiti, ARPTC, zilianzisha RAM, daftari la kusajili vifaa vya simu. Lengo lililotangazwa lilikuwa kupambana na simu bandia na za wizi. Ada kwa mwaka ilikuwa dola 1 kwa simu ya 2G na dola 7 kwa simu ya 3G au 4G, nayo ilikatwa kwa mafungu kwenye inite za mteja. Mtu ananunua inite, anaona zimepungua kabla hajapiga. Kukusanya kodi kwa njia hiyo kulikuwa rahisi mno, na nadhani urahisi huo ndio uliowafanya wakubwa wasione haja ya kueleza kwanza. Vuguvugu la vijana la LUCHA liliandamana, wabunge wakamhoji waziri, na mwanzoni mwa 2022 kodi ikafutwa.

Kwa muda wote huo, aliyekatwa inite hakuwa na dirisha la serikali la karibu la kuulizia. Alirudi kwenye meza yenye mwavuli, kwa mama aliyemuuzia, ambaye simu yake mwenyewe ilikuwa inakatwa vilevile.