Je, Wajua? Laptopu na Printa za Nyumbani

Je, wajua kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama? Mashine hazikuzimika siku hiyo, ndiyo maana wengi hawakushtuka. Lakini tundu jipya la usalama likigunduliwa sasa, halizibwi tena kwa mtu ambaye hakujiandikisha kwa muda wa nyongeza. Windows 11 nayo ina masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kabla ya kuuliza bei ya laptopu yoyote iliyotumika, uliza hilo.

Je, wajua kwamba stika ya "Core i7" peke yake haikuambii karibu chochote? Ukweli uko kwenye namba inayofuata kistari. i5-8250U ni kizazi cha 8, imetoka mwaka 2017, na ina kori nne. i7-3520M ni kizazi cha 3, ya mwaka 2012, yenye kori mbili. Ya kwanza inaingia Windows 11, ya pili haikubaliwi, lakini muuzaji wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue atakutajia i7 kwanza kwa kuwa ndiyo jina lililokaa vichwani mwa watu. Mwombe aiwashe, fungua mipangilio kwenye sehemu ya System, usome namba yote kwa macho yako. Kuanzia kizazi cha 10 tarakimu za kusoma ni mbili: i5-10210U ni cha 10, i5-1135G7 ni cha 11.

ThinkPad, Latitude na EliteBook zinazojaa kwenye maduka ya mitumba zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi. Makampuni ya nje huzibadilisha kila baada ya miaka michache, kisha zinasafirishwa kuja kwetu. Nyingi hufunguka kwa bisibisi ya kawaida, na vipuri vyake fundi anavyo. Kwa mwenye bajeti ndogo, napendekeza moja ya hizo, ya kizazi cha 8 au zaidi, badala ya laptopu mpya ya bei ya chini kabisa yenye prosesa ya Celeron na hifadhi ya GB 64. Hiyo ya GB 64 inaweza kujaa masasisho tu kabla hujaweka picha moja ya harusi.

Je, wajua kwamba betri inaweza kukutolea ushahidi hapo hapo dukani? Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na Windows itakuandalia ripoti. Tafuta namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa ikijaa chaji. Ya pili ikiwa nusu ya ya kwanza, basi hata saa za kukaa na chaji zimebaki karibu nusu, na ni haki bei ishuke.

Laptopu zilizotoka Ufaransa na Ubelgiji huwa na kibodi ambayo A iko mahali tulipozoea Q. Zilizopitia nchi za Ghuba mara nyingi zina herufi za Kiarabu pembeni, hizo hazikusumbui.

Laptopu nyingi nyembamba za siku hizi zina RAM iliyochomewa kwenye bodi. Ukinunua ya GB 4, utakufa na GB 4. Nunua ya 8 angalau, na 16 kama kuna mwanafunzi wa chuo nyumbani.

Je, wajua kwamba huenda huhitaji laptopu mpya? Mashine ya zamani inayotambaa mara nyingi inaburuzwa na diski ngumu yenye sahani zinazozunguka. Ukiiwekea diski ya SSD na kuongeza RAM, inawaka kwa sekunde badala ya dakika. Kama haikidhi masharti ya Windows 11, mfumo wa Linux unaikubali bila malipo.

Sasa printa, ambako pesa za watu wengi hupotelea.

Printa ya leza ya HP LaserJet ya kwanza, ya mwaka 1984, iliuzwa dola 3,495. Leo printa ya wino inapatikana kwa bei ndogo sana, na faida ya mtengenezaji imehamia kwenye katriji. Katriji nyeusi ya kawaida ya HP 123 inakadiriwa kutoa kurasa 120. Chupa ya wino mweusi ya Epson 103, ya mililita 65, inakadiriwa kutoa kurasa 4,500. Soma sentensi hizo mbili tena ukiwa dukani, mkono ukiwa unaelekea kwenye printa ya bei rahisi. Makadirio hayo yanatokana na kurasa za majaribio zenye maandishi ya kiasi; picha inayojaza ukurasa hula wino mwingi zaidi.

Je, wajua kwamba wino hukauka lakini tona haikauki? Tona ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto ukashika karatasi. Familia inayochapa barua moja leo na nyingine baada ya miezi miwili huenda ikakuta vitundu vya printa ya wino vimeziba, na kuvisafisha kunakula wino huo huo uliobaki. Familia hiyo inafaa kununua printa ya leza ya rangi nyeusi tu. Yenye watoto wanaochapa mitihani ya mazoezi na michoro ya rangi kila wiki inafaa kununua printa ya matangi, inayojazwa wino wa chupa. Na mwenye kurasa chache kwa mwaka aende stesheneri. Asinunue printa kabisa.

Wino unaotumika kusafisha hunyonywa na sponji iliyo ndani ya printa. Sponji ikihesabiwa kuwa imejaa, printa hugoma kuchapa hata kama matangi yamejaa pomoni. Kwenye baadhi ya modeli mpya unaibadilisha mwenyewe. Kwa nyingine ni kazi ya fundi. Uliza kabla ya kulipa.

Je, wajua kwamba printa ya leza ikipasha joto inaweza kuvuta mamia ya wati kwa ghafla? Watengenezaji hukataza kuichomeka kwenye UPS. Nyumba ya umeme wa jua wenye inveta ndogo iangalie printa ya wino, ambayo ikichapa hutumia takriban wati 10 hadi 30.

Katriji nyingi zina chipu, na sasisho la programu ya printa linaweza kukataa katriji ya kampuni nyingine iliyokubaliwa jana. Septemba 2016 jambo hilo liliwapata wenye baadhi ya modeli za printa za HP.

Je, wajua kwamba kufuta faili na kumwaga pipa la taka hakuondoi data kwenye laptopu unayoigawa? Wakati wa kuirejesha katika hali ya kiwandani, chagua njia ya kusafisha diski nzima. Na betri iliyovimba usiitupe jalalani wala usiichome moto: lithiamu inaweza kulipuka. Walioko Nairobi wanaweza kuipeleka WEEE Centre, kituo cha taka za kielektroniki.