Saa Ikiingia Maji

Mtu ametembea juani kutoka Kariakoo hadi Posta, shati limemganda mgongoni, anaingia benki na kupokewa na baridi ya kiyoyozi. Anatazama saa mkononi apime kama foleni itamruhusu kurudi kazini mapema. Akrabu hazionekani. Kioo kimejaa ukungu, na akikisugua kwa kidole haufutiki, maana uko upande wa ndani. Kabla hajafika dirishani kioo kimeanza kung'aa tena, na jioni ameshasahau kabisa.

Kosa huanzia hapo. Ukungu ukitoweka, wengi hudhani maji yametoka. Hayajatoka, yamehama: yameondoka kiooni yakageuka mvuke, na mvuke huo umefungiwa humo humo pamoja na mashine.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Hewa ya pwani yenye joto la nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 80 hubeba takriban gramu 27 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ndani ya saa ya mkono, ukishatoa nafasi iliyochukuliwa na mashine na betri, hewa inayobaki ni kama mililita moja. Mvuke wote ulio katika hewa hiyo haufiki hata sehemu ya elfu moja ya tone la maji. Ikipoa ghafla, inaweza kuacha kivuli chepesi kinachofutika baada ya dakika moja au mbili, na vijitabu vya baadhi ya saa husema wazi kwamba hilo halina madhara. Ukungu mzito unaofunika uso mzima na kurudi kila asubuhi ni habari nyingine, sembuse vitone vinavyoonekana kwa macho. Hewa peke yake haina maji kiasi hicho. Yamepata mlango.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini tone likishaingia halitoki. Ili livukie nje lote, hewa ya ndani ingebidi ibadilishwe zaidi ya mara elfu moja, na saa imefungwa.

Milango yenyewe si mingi. Kuna ukingo wa kioo, kuna mfuniko wa nyuma, na kuna kifundo cha pembeni, kile kinachovutwa ili kurekebisha majira. Saa yenye vitufe vya kupimia mbio ina matundu zaidi. Kila mlango umezibwa kwa kipete cha mpira, kingine chembamba kama uzi wa kushonea, ambacho hufanya kazi kikiwa laini na kimepakwa grisi ya silikoni. Jasho la chumvi, sabuni, manukato na joto hukikausha. Mpira uliokauka hubaki bapa ulivyobanwa na haujai tena kwenye mfereji wake, na mara nyingi ukiutoa kwa kibanio unakatika vipande.

Ndiyo maana saa nyingi huharibika mara tu baada ya kubadilishwa betri. Fundi anafungua mfuniko, anaweka betri mpya, anarudisha mpira ule ule uliolala miaka mitano, anabana kwa kidole gumba. Saa inatembea, mteja analipa na kuondoka. Akiosha vyombo wiki inayofuata, mlango uko wazi.

Watengenezaji walihangaika muda mrefu na jambo hili. Rolex walitoa saa yao ya Oyster mwaka 1926, ikiwa na kifundo cha kukaza kwa kuzungusha kama mfuniko wa chupa. Tarehe 21 Oktoba 1927, mwogeleaji Mwingereza Mercedes Gleitze aliingia nayo kwenye mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, akiwa ameivaa shingoni. Alikaa majini zaidi ya saa kumi, kisha baridi ikamshinda, akatolewa kabla ya kufika ng'ambo. Saa ilikuwa bado inatembea. Mwezi uliofuata kampuni ikanunua ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail kuutangazia ulimwengu, na tangu siku hiyo neno la maji limekuwa biashara kubwa.

Biashara hiyo imeacha mkanganyiko. Saa iliyoandikwa mita 30 haikutengenezwa ili ishuke mita 30 na mvaaji wake. Namba hiyo ni shinikizo ambalo saa mpya, yenye mipira mipya, ilistahimili ikiwa imetulia kwenye mtambo. Kwa matumizi ya kila siku inamaanisha manyunyu ya mvua na kunawa mikono. Anayeogelea ahesabu kuanzia mita 100. Bafu la maji ya moto ni baya kwa saa yoyote, hata iliyoandikwa namba kubwa, kwa sababu joto hulegeza mpira, sabuni hupenya, na mvuke hupita pale ambapo maji yangezuiliwa.

Sasa saa imeshaingia maji. Nyumbani kwa kawaida hukimbiliwa mchele. Mchele hunyonya unyevu kidogo na polepole, lakini udhaifu huo si hoja kubwa. Hoja ni kwamba saa imefungwa: punje ziko nje, maji yako ndani, na ukuta wa chuma umesimama katikati. Silika jeli, vile vipakiti vinavyokutwa kwenye boksi la viatu vipya, ina nguvu zaidi, ila nayo inahitaji mfuniko uwe umefunguliwa. Tena vipakiti vilivyokaa kabatini Tanga au Mombasa miezi sita huwa vimeshashiba. Chembe zake hurudishiwa kiu kwa kumwagwa kwenye sahani ya chuma na kuwekwa ndani ya oveni yenye nyuzi 110 hadi 120 kwa saa moja au mbili.

Wengine huianika saa kwenye dashibodi ya gari au kuipuliza kwa draya ya nywele. Hapo saa huanza kupumua. Hewa ya ndani ikipata joto hutanuka, kiasi hutoka kupitia mpira mbovu. Ikipoa hunywea na kuvuta hewa nyingine ya nje, yenye unyevu wake. Wakati huo huo mafuta ya mashine yanapikwa.

Kuna pia ujanja wa kuivaa kichwa chini, kioo kikigusa ngozi. Huu humfurahisha kila anayeujaribu, kwa kuwa baada ya nusu saa kioo ni cheupe. Joto la mkono limefukuza ukungu kiooni, nao umetafuta mahali penye ubaridi zaidi. Mahali hapo sasa ni mfuniko wa nyuma, uliopakana na mashine.

Yakiwa maji baridi ya bomba, kuna nafasi ya siku moja au mbili kumfikia fundi. Maji ya bahari hayangoji. Chumvi huharakisha kutu, na chuma chembamba cha kifundo kinaweza kuota wekundu usiku huo huo. Katika saa ya betri, kinachoangamia mapema ni koili, waya wa shaba mwembamba kuliko unywele uliozungushwa mara maelfu. Kutu ikiula mahali pamoja tu, akrabu zinasimama hata kwa betri mpya. Saa iliyozama baharini ioshwe nje kwa maji baridi huku kifundo kimefungwa, kisha ipelekwe siku hiyo hiyo.

Fundi anayejua kazi hataishia kukausha. Atatoa mashine, aisafishe na kuipaka mafuta upya, abadilishe mipira yote, kisha aipime kwenye kifaa kinachosukuma hewa na kuangalia kama bodi la saa linavuja. Si kila kibanda kina kifaa hicho, kwa hiyo heri kuuliza kabla ya kuacha saa. Saa za kale za kabla ya miaka ya 1960 zenye namba zinazong'aa gizani zisifunguliwe nyumbani hata kidogo, kwani rangi ya nyingi kati yake ina radiamu, na vumbi lake likivutwa puani ni hatari.

Siku ya kuichukua saa, mteja ana njia rahisi ya kuikagua, iliyo karibu na kipimo cha viwandani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 22810 hutaka saa ipashwe hadi nyuzi 40 au 45, liwekwe tone la maji ya kawaida juu ya kioo, na baada ya dakika moja kioo kifutwe. Mteja anaweza kuivaa juani dakika kumi, akadondoshea tone la maji ya friji, akasubiri, akafuta. Pale lilipokuwa tone pakibaki duara la ukungu kwa ndani, saa irudishwe mezani kwa fundi kabla ya kulipa.