HOFU YA GHAFLA INA TIBA

Wapo wananchi wa Talatala na mwambao mzima wa Kyela, kama walivyo wenzao wa visiwani, ambao hushikwa ghafla na mapigo ya moyo, pumzi zikawabana, mikono ikafa ganzi, wakaamini wanakufa. Baada ya dakika chache hali hupita. Wakipimwa, malaria haionekani na moyo ni mzima. Mwishowe mvuvi huogopa hata kupanda mtumbwi, na majirani husema amerogwa.

Sisi tunasema haya ni maradhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Dakta Donald Klein wa Marekani aliona kwamba imipramini, dawa ya sonona, huzuia mishtuko hiyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa za jamii ya fluoksetini. Hizo hupunguza wepesi wa ubongo kutangaza hatari isiyokuwepo, na mwili nao hutulia.

Lakini wengi huziacha mapema, kwani siku za mwanzo zaweza kuzidisha wasiwasi na mapigo ya moyo. Ndiyo sababu huanzwa kwa kipimo kidogo. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa; dawa huendelea kwa miezi, kisha hupunguzwa taratibu kwa maelekezo ya mganga.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wilayani na mkoani wahakikishe akiba haikatiki. Mgonjwa aliyekatishwa dawa ghafla hupata kizunguzungu, na hofu yaweza kumrudia. Nauli ya kufuata vidonge Mbeya si kila mvuvi anayo.