Doa la Jana na Usukani wa Leo

Mji wa Mpanda umelelewa na safari. Reli ya kutoka Kaliua ilifika huko mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, na kwa miaka mingi garimoshi ndilo lililouunganisha mji huo na ulimwengu. Leo Mpanda ni makao makuu ya mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Lami yaenda Tabora kwa njia ya Inyonga na Koga, na upande wa kusini barabara yapita Sitalike, ikakata Hifadhi ya Katavi, ikaelekea Sumbawanga na Tunduma. Kwa njia hizo malori huchukua mpunga, mahindi na mbao, yakarudi na saruji, mabati na mafuta. Si ajabu basi vijana wengi wa huko kuuona usukani wa lori kuwa mlango wa riziki.

Lakini wako miongoni mwao ambao mlango huo umewafungia. Mmoja alipindua lori. Mwingine alihukumiwa na mahakama, akafungiwa leseni kwa muda. Wa tatu alifukuzwa kwa kuuza dizeli ya tajiri wake njiani. Kila aendako huulizwa: “Kazi ya kwanza uliiachaje?” Naye ana mke, ana watoto, na pengine ana wazazi wanaomtazamia. Je, afanye nini? Na sisi tulio nyumbani, na wenye malori, yatupasa nini?

Kwanza tuwe waadilifu kwa tajiri. Kumpa mtu lori si kama kumpa jembe. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na katika mwendo huo wote jicho la mwenye mali halipo. Lori ni lake, lakini mzigo ni wa watu wengine, na roho zilizoko barabarani ni za Mwenyezi Mungu. Akiogopa, hana lawama. Hata Serikali hupima hivyo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kazi ya Dereva Daraja la II yamekuwa yakitaka leseni ya daraja la E au C, ambayo mwombaji ameitumia kazini kwa mwaka mmoja au zaidi pasipo kusababisha ajali. Hapa pana funzo: mwajiri hutaka kuona muda wa kazi safi. Basi dereva mwenye doa, kazi yake ya kwanza ni kuujenga muda huo, wala si kulificha doa.

Tena madoa si sawa. Aliyepatwa na ajali kwa kupasukiwa na tairi si sawa na aliyesinzia kwa kulazimisha safari ya usiku. Na huyo si sawa na aliyeuza mafuta. Wa kwanza ana msiba, wa pili ana uzembe, wa tatu ana khiyana. Kila mmoja ana dawa yake, na atakayejitibu kwa dawa ya mwenzake hatapona. Mwenye uzembe hujirekebisha kwa mafunzo na nidhamu ya usingizi na mwendo. Mwenye khiyana hana budi kurudisha alichochukua, au kuomba radhi na kupatana namna ya kulipa. Na mwenye ulevi asiombe usukani kabisa mpaka ameuacha, kwa sababu toba yake bado haijaanza.

Ikiwa katika ajali hiyo mtu alikufa au alilemaa, jambo ni zito zaidi. Kifungo kikiisha na faini ikilipwa, haki ya serikali imetimia. Lakini haki ya waja yabaki. Twamwusia kijana wa namna hiyo aende na wazee kwa jamaa wa marehemu, akiri na kuomba msamaha, kabla hajaenda kwa tajiri kuomba kazi. Kwenda huko hakumrudishi aliyekufa. Lakini asiyeweza kusimama mbele ya yatima aliyemsababishia uyatima, atasimamaje mbele ya mwajiri na kusema kwamba amebadilika?

Katika Sura ya Al-Qasas tumesimuliwa habari za Nabii Musa, amani iwe juu yake. Alimpiga mtu ngumi pasipo kukusudia kuua, naye akafa. Musa akaomba maghufira kwa Mola wake, kisha akatoka Misri kwa khofu hadi Madyan. Huko aliwanyweshea wanyama wasichana wawili, na baba yao akamwita. Hatumlinganishi Mtume wa Mungu na dereva aliyefanya uzembe, hasha. Tunatazama jinsi ajira ile ilivyofungwa. Musa alimsimulia mzee yule mambo yake kabla ya mapatano yoyote. Binti akashauri aajiriwe, kwa kuwa mtu bora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Ndipo mzee akamtajia masharti kwa uwazi: miaka minane, na akitimiza kumi itakuwa hisani yake. Angalieni mpango ulivyo: habari kamili, sifa zilizoonekana kwa vitendo, kisha masharti yaliyo wazi.

Kijana wetu naye afuate mpango huo. Aseme mwenyewe kabla ya kuulizwa, kwa maneno machache: lilitokea nini, mwaka gani, alilipa nini, na tangu hapo amefanya kazi gani. Asimtupie utingo lawama. Kweli hii itamkosesha kazi mahali pengine. Hatumdanganyi mtu kwa kusema kwamba kweli hulipa siku hiyo hiyo. Lakini kazi iliyopatikana kwa uwongo huvunjika siku uwongo unapojulikana, na siku hizi madeni ya faini za barabarani hutazamwa kwa namba ya gari au ya leseni katika mfumo wa Polisi. Hapo atakuwa na madoa mawili badala ya moja.

Achukue hati zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokwisha. Wengi hawakidai kwa aibu au kwa kutojua. Kadhalika achukue nakala ya hukumu na stakabadhi ya faini, ili jambo lionekane limekwisha. Hati ya Polisi ya kuthibitisha mwenendo, itolewayo kwa alama za vidole. Na cheti cha mafunzo kutoka VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Akiona aliachishwa kazi kwa dhuluma, ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini asinunue barua ya sifa iliyoghushiwa, wala asimpe dalali fedha za kutafutiwa nafasi. Na aliyefungiwa leseni asiguse usukani mpaka muda wake uishe; kuna kazi ya karakana, na ya utingo, na zote ni halali.

Kisha aanze karibu. Badala ya kuomba tela la kwenda Dar es Salaam, aombe kazi ya kuleta mpunga kutoka Majimoto au Usevya hadi mashine za Mpanda, au safari za Karema ziwani. Hizo ni njia ambazo tajiri aweza kumwona akitoka na kurudi. Baada ya msimu mmoja bila upungufu wa gunia wala lita ya mafuta, atakuwa na ushahidi unaoshinda maneno yote.

Kwenu wenye malori twasema hivi. Msiulize tu kama mtu ana doa. Ulizeni ni doa gani, ametengeneza nini, na nani atamdhamini. Mkimchukua, andikeni mkataba. Msimpunje mshahara kwa sababu hana pa kwenda, kwani aliyepunjwa hujaribiwa kujilipa kwa dizeli. Wala msimtwike makosa yenu. Sheria haimruhusu gari zito kuzidi kilomita 80 kwa saa, na sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yaweka mwisho wa uzito kuwa tani 56 kwa gari lote pamoja na mzigo. Tajiri anayepiga simu usiku kucha akihimiza mwendo, au anayepakia kupita kiasi akitumaini mizani italala, ana sehemu yake katika ajali itakayotokea, ijapokuwa jina litakaloandikwa ni la dereva peke yake.

Na nyumbani je? Mke na wazazi wasilifanye kosa la zamani kuwa fimbo ya kila ugomvi. Wasimsukume kupokea safari ya pili kabla hajalala kwa sababu ada ya shule imekaribia. Na mjomba au jirani akiombwa udhamini, ajue kwamba udhamini ni amana: asimkatae kijana kwa chuki, wala asimshuhudie asilolijua kwa huruma.

Doa la jana halifutiki kwa kufichwa. Hufifia kwa siku nyingi za kazi safi, na siku hizo hazipatikani ikiwa hakuna mtu wa kutoa ya kwanza. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu ujasiri wa kusema kweli, awape wenye mali moyo wa kupima kwa uadilifu, na awarudishe salama wote walioko njiani. Amin.