Muuguzi mkuu ni yule anayeambiwa ukweli

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii niliikariri shuleni na kuitumia katika insha nyingi, na hata hivyo nilisimamia wadi ya wazazi kwa miaka minne kabla sijaielewa. Leo nawaomba wasomaji, hasa wenzangu katika taaluma ya uuguzi, waniwie radhi nikisimulia kosa langu mwenyewe, kwani naamini kosa hilo lina wenyewe wengi katika hospitali zetu.

Sikuingia katika uuguzi kwa sababu ya wito. Nilitaka kuwa mwalimu. Barua ya chuo cha utabibu ndiyo iliyotangulia kufika nyumbani, naye marehemu baba akaniambia kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nilikwenda. Nikajifunza kazi, nikaizoea, na hatimaye nikapandishwa cheo. Nilipokabidhiwa wadi, nilidhani kwamba kuongoza ni kutokosea na kutomvumilia yeyote anayekosea. Shuka zilinyooshwa, madaftari yakajazwa, nami nilipotokea mlangoni mazungumzo yalikatika. Kimya kile nilikiita nidhamu.

Usiku mmoja wa mwaka 2016 nilikuwa katika zamu ya kusimamia hospitali nzima. Siku mbili kabla ya hapo, binti mmoja aliyekuwa na miezi mitatu tu tangu ahitimu alikuwa ameniita mbio kumtazama mzazi ambaye hakuwa na tatizo lolote. Nilimgombeza mbele ya wagonjwa. Nilimwuliza, kwa sauti iliyosikika wadi nzima, kama chuoni walimfunza kazi au uoga.

Usiku huo, mama mmoja aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa nne alianza kuvuja damu. Binti yule aliona pedi ikilowa, akaibadilisha. Ya pili ikalowa, akaibadilisha pia. Alikanda tumbo la mzazi peke yake, akasubiri, akatumaini. Aliponiita, takriban nusu saa ilikuwa imepita. Mama alikuwa baridi na mapigo ya moyo yalikwenda mbio. Tulikanda kizazi, tukamdunga oksitosini, tukamfungulia dripu mbili na kumwita daktari wa zamu. Aliongezewa painti tatu za damu. Kwa rehema za Mungu alipona, akarudi nyumbani na mwanawe.

Asubuhi nilimwuliza binti yule sababu ya kuchelewa. Alitazama viatu vyake.

"Niliona, Sista," akasema. "Nilichelea utanigombeza tena."

Nimeambiwa mengi katika kazi hii, na wagonjwa, na jamaa zao, na wakubwa wangu. Hakuna neno lililonichoma kama hilo. Katika ripoti ya tukio palikuwa na nafasi ya kueleza kilichosababisha kuchelewa. Ingekuwa rahisi mno kuandika uzembe wa muuguzi. Niliandika kwamba muuguzi alimwogopa msimamizi wake, nikatia sahihi yangu chini yake. Ndipo nilipofahamu, baada ya miaka mingi ya kuvaa sare ile, kazi yangu hasa ilikuwa ipi. Sikuwekwa pale ili niwe na macho makali kuliko wote. Niliwekwa ili jambo lolote litakaloonwa na jicho lolote katika wadi, hata la mwanafunzi, hata la mfagiaji, limfikie anayeweza kulitibu kabla ya wakati kupita.

Tangu siku hiyo nilibadili mambo machache. Katika kukabidhiana zamu, muuguzi mchanga zaidi ndiye anayezungumza kwanza, kwa maana wakubwa wakitangulia, wadogo huafiki tu. Asahihishwaye husahihishwa faraghani, wala si kando ya kitanda cha mgonjwa. Anayeniita bure hushukuriwa sawa na anayeniita kwa haki. Nami kila juma hutaja kosa moja nililolifanya mimi. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, na ndilo lililofungua vinywa.

Yamkini msomaji atasema kwamba haya ni maneno matamu ya mtu mmoja. Basi na atazame utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kuhusu kina mama zaidi ya 200,000. Mzazi aliwekewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo ili damu inayotoka ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Ilipofika kiwango cha hatari, wahudumu walitoa matibabu yote kwa pamoja, bila kungoja moja lishindwe ndipo lianze jingine. Visa vya kuvuja damu nyingi mno na madhara yake mazito vilipungua kwa asilimia 60. Mfuko ule una sifa moja ambayo binti yangu hakuwa nayo: haumwogopi mkuu wa wadi. Hata hivyo, mfuko hauna kinywa. Sharti awepo mtu wa kuusoma na kupaza sauti, na wenzake waitikie mara moja.

Kila Mei 12 tunamkumbuka Florence Nightingale, aliyezaliwa tarehe hiyo mwaka 1820. Tunamsifu kwa taa aliyoibeba usiku miongoni mwa majeruhi. Tunasahau kwamba aliporejea Uingereza kutoka vita vya Crimea alitumia takwimu na michoro kuwaonyesha wakubwa wa serikali kuwa maradhi yaliyoweza kuzuiwa yaliwaua askari wengi kuliko majeraha. Alizisema habari ambazo wenye mamlaka hawakupenda kuzisikia. Je, nani miongoni mwetu wasimamizi angependa kuwa na Nightingale katika zamu yake?

Sisemi kwamba moyo wa kazi watosha. Wauguzi walipogoma mwaka 2017, kuanzia Juni hadi Novemba, walihubiriwa sana kuhusu wito. Wito haulipi karo wala kodi ya nyumba. Muuguzi mmoja akiachiwa wagonjwa wa wauguzi wanne atachoka hata akisifiwa usiku kucha, na serikali za kaunti, zilizokabidhiwa hospitali hizi baada ya uchaguzi wa 2013, hazina budi kuajiri na kulipa. Lakini heshima ya msimamizi kwa walio chini yake haingoji bajeti ipitishwe. Twaweza kuianza katika zamu ya leo.

Miezi kadhaa baada ya tukio lile, binti yule aliniita tena, saa tisa za usiku. Nilikwenda mbio. Nilimkuta mzazi salama salimini, akimnyonyesha mwanawe na kushangaa kwa nini nahema. Binti alinitazama akingoja. Nilimshukuru mbele ya wadi nzima, nikanawa mikono, nikarudi nilikotoka.

Enyi wenzangu mnaosimamia wadi, mkiingia zamuni kesho na kila mtu akanyamaza, msifurahi. Ulizeni ni nini wanachokijua ambacho bado hamjaambiwa.